Sufuria ya Antena

Mtaani kwetu Rumonge wananiita mama wa feraye, na anayeniita hivyo akidhani ananitukana anapoteza mate yake. Feraye ni vyuma chakavu, na vyuma chakavu ndivyo vilivyonilisha tangu mume wangu afariki. Nanunua mabati yaliyoliwa na kutu, frigo zilizokufa, televisheni zenye mgongo, simu zilizoponyoka mifukoni mwa wavuvi zikaingia maji. Shingoni navaa sumaku niliyoing'oa kwenye spika, nimeitungia kamba, na watoto wakiniona wanaambiana kwamba huyu mama ana hirizi. Ni hirizi kweli. Kitu kikiivuta sumaku najua ni chuma. Kisipoivuta, hapo ndipo kazi inapoanza, maana huenda ni shaba, huenda ni aluminiamu, huenda ni takataka iliyopakwa rangi.

Sikuzaliwa kwenye kazi hii. Mume wangu alikuwa fundi wa redio na televisheni, na kibanda chake kilikuwa chini, karibu na ziwa. Yeye ndiye aliyepandisha antena juu ya nyumba nyingi za mtaa wetu wa Waswahili, enzi zile mtu akitaka kuona mpira ilibidi mmoja apande juu ya bati aigeuze antena, na mwingine abaki chini akipiga kelele kwamba picha imekuja, imeondoka, imekuja. Alipofariki, kibanda kilikuwa kimejaa vitu vya watu. Nikapeleka habari msikitini na kanisani kwamba kila mwenye redio yake aje aichukue. Wakaja wachache. Wengine walikuwa wameshapata simu, redio wamezisahau.

Kisha ziwa likapanda. Watu wa huku wanajua ninachosema. Maji yalikuja taratibu, bila vurugu, yakaingia kwenye nyumba za chini na yakakaa humo. Wenye nyumba wakang'oa mabati na milango wakahamia juu. Mimi nikazibeba redio za wateja wa marehemu kichwani, safari kwa safari, nikazirundika uani kwangu. Nikakaa mbele ya lile rundo, bisibisi yake mkononi, na hasira niliyokuwa nayo kwa ziwa, kwa mauti, na kwa ndugu zake waliokuja kugawana viti kabla ya arobaini. Nikafungua ya kwanza. Nilipofika ya mwisho nilikuwa nimeshapata kazi.

Nyaya sichomi. Wako wanaozichoma ili waipate shaba upesi, na moshi wao mweusi unakwenda kukaa juu ya ndagala za wanawake wenzao zilizoanikwa mchangani. Ndagala ikishashika moshi wa plastiki, hata paka anaisusa. Mimi nazimenya kwa kisu, nimekanyaga ncha moja kwa mguu, polepole, nikiwa naongea na wapita njia. Kamyo, lile lori la wanunuzi kutoka Bujumbura, ikifika, shaba yangu inang'aa na hakuna anayenibishia.

Ua wangu una milango miwili. Wa mbele unatazama barabara, na mzani wangu unaning'inia hapo hapo. Wa nyuma unatokea kwenye kichochoro chenye migomba. Maskini wanapita mbele, wanaweka mzigo chini, tunabishana, tunacheka, wanaondoka. Wenye heshima zao wanapita nyuma, saa ya adhuhuri, wanaume wakiwa msikitini na jua limewafungia wengine ndani. Wanakuja na kitu kimefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga. Si vitu vya wizi. Mwizi namjua kwa haraka yake, na huyo namfukuza. Ni vitu vya aibu tu: feni iliyoungua, frigo ya harusi iliyokufa, pasi, kitu ambacho mtu hataki jirani ajue kwamba amekiuza badala ya kukitupa kama tajiri. Kwetu watu wa feraye kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika, nayo ni kwamba kilichopita nyuma hakisemwi mbele. Nikikutana na mwenyewe sokoni, namsalimia kama ninavyowasalimia wengine. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Binti yangu ni huyo huyo mmoja. Anafundisha shule ya msingi, na kila kalamu aliyowahi kuishika ilitoka kwenye feraye. Akapendana na kijana wa mfanyabiashara wa mawese, mtu mwenye mapipa yaliyopangwa hadi nje ya ukuta. Kijana mwenyewe nilimpenda. Ana haya zake, na alipokuja kwangu mara ya kwanza aliinama njiani akaokota boliti, akaniletea, akasema lisije likamchoma mtu. Nilijua tangu siku ile kwamba ugomvi, kama utakuja, hautatoka kwake.

Ulitoka kwa watu wake. Walikuja kutengeneza mambo ya mwisho ya harusi, tarehe ikiwa imeshapangwa: baba yake mdogo aliyekuwa msemaji, shangazi yake mmoja mnene mwenye macho ya kucheka, na mama yake mzazi. Nikawawekea viti uani, nikawapa chai na vitumbua. Mama yake kijana alikaa miguu yake ikiwa karibu na gunia la shaba, na hakunitazama machoni hata mara moja. Nilijua sababu. Alikuwa mteja wangu wa mlango wa nyuma, wa siku nyingi. Ndani ya gunia lile lile aliloliegemea kwa kisigino mlikuwa na nyaya za feni yake na za mota ya frigo yake ya zamani.

Msemaji akakohoa, akaizungusha bilauri, ndipo akalitoa lililowaleta.

“Mama, sisi hatuna neno na mutoto. Mutoto iko muzuri, iko na masomo. Lakini wageni watatoka Bujumbura, watatoka Uvira. Hii vyuma yote, watasema nini? Tunaomba siku ya harusi ufunge mulango ya mbele, wageni wapite kwa jirani. Na kisha harusi, feraye uiache. Tutakutafutia nafasi mu soko, uuze vitenge.”

Damu ilinipanda. Nilimtazama yule mama. Alikuwa anachezea pindo la mtandio wake. Neno moja tu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu, neno ambalo lingemfanya msemaji anyanyuke na kiti chake. Nyani haoni kundule, na mama huyu alikuwa anaacha la mwenzake lioneshwe ili la kwake lisahaulike. Nikanywa chai nikalimeza lile neno pamoja nayo. Kazi yangu ina sheria yake, na sikutaka kuivunja kwa ajili ya kuitetea.

“Vitenge nitavaa, sitauza,” nikamwambia msemaji. “Na ile mulango ya mbele itakuwa wazi.”

Akasema basi mambo yanaweza kungoja, pengine hata mwaka mwingine, vijana bado ni vijana. Tulielewana vizuri sana. Alikuwa ananiambia kwamba nisipofunga mlango, harusi haipo. Wakaaga. Shangazi peke yake ndiye aliyebeba vitumbua vilivyobaki, akavisifu hadi barabarani.

Binti yangu alikuwa amesikia kila kitu kutoka dirishani. Jioni ile, ninachambua vipande vya simu, akaja akasimama mbele yangu. Akasema mama, siku moja tu, tuvifunike vyuma kwa turubai, tufunge mlango, wapite kwa jirani, halafu maisha yaendelee. Akasema hata yeye hataki niiache kazi, hilo tutalizungusha baadaye. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anaona haya.

“Sijui, mama,” akasema.

Niliumia kuliko nilivyoumia mbele ya wale wageni. Wao walikuwa watu baki. Huyu nilimnyonyesha nikiwa nashika tochi ili baba yake aone ndani ya redio. Angesema ndiyo ningegomba naye, angesema hapana ningemkumbatia, lakini neno “sijui” halina pa kushikia. Nilijiapiza usiku ule kwamba wakwe wanaweza kuja au wasije, wanaweza kunisema hadi wachoke. Lakini mtoto wangu hatatoka nyumbani kwangu akiwa na haya ya mlango aliotokea.

Sasa, kwetu kuna desturi ya sufuria. Mama wa bibi harusi ndiye anayetoa sufuria kubwa ya kwanza, ile itakayopikiwa pilau ya harusi kisha iende na binti kwa mume. Siku hiyo shangazi wa bwana harusi huigeuza mbele ya wanawake wote, akaigonga kitako kwa mpini wa kijiko cha chuma. Ikilia vizuri, vigelegele. Ikitoa sauti ya chungu kilichopasuka, basi mama wa watu atasemwa mpaka wajukuu. Siku hizi wengi wananunua sufuria za duka, nyembamba, zinazolia kila ukizigusa. Mimi niliamua kwamba ya binti yangu itayeyushwa na kusubiwa hapa Rumonge, kwa mali yangu mwenyewe.

Na mali nilikuwa nayo. Nyuma ya choo kulikuwa na rundo ambalo sikuwahi kulipeleka kwenye mzani hata siku ya njaa. Antena. Watu walipohamia kwenye madishi, mume wangu alipanda tena juu ya mabati yale yale akaziteremsha zile alizozipandisha, akazileta nyumbani, akasema aluminiamu haifi, siku moja itapata kazi. Nilimcheka. Sasa nikazifunga kamba, nikaongeza makava ya injini za pikipiki ili uzito utoshe, nikampa mtu wa velo azibebe kwenye baiskeli yake hadi kwa fundi.

Fundi wa sufuria anafanyia kazi nyuma ya mashine za mawese, kwa sababu hapo anapata maganda ya kokwa za michikichi bila kuyanunua, na hakuna mkaa unaoyashinda kwa moto. Shimo moja la moto, feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, na mchanga laini uliochanganywa na udongo kidogo ambamo anakandamizia sufuria ya zamani ili mpya ifuate umbo lake. Kabla ya kuyeyusha, mzigo unachambuliwa kipande kwa kipande. Nilikuwa nimeinamia kazi hiyo asubuhi, nilipoona miguu ya binti yangu. Alikuwa na siku ya mapumziko, ameniletea chupa ya chai. Akajifunga kanga kiunoni, akakaa kwenye jiwe, akaanza kuchambua.

Sikumfundisha kamwe. Nilimweka mbali na feraye tangu utotoni, nikasema wewe soma, uchafu niachie mimi. Kwa hiyo aliokota vipande vya pikipiki, akaona karibureta: ni ya kijivu, sumaku haiigusi, inafanana kabisa na aluminiamu. Akaitupa kwenye rundo la kuyeyusha. Mtu wa feraye angeipima kiganjani akajua kwamba ni nzito mno, si ndugu wa aluminiamu hata kidogo, na ikiingia kwenye sufuria inaifanya iwe na roho ya kigae. Mimi sikuona. Fundi naye hakuona, kwa kuwa mzigo wa kwangu alizoea kuuamini.

Sufuria ikatoka nzuri ya kutazama. Ikapoa. Fundi akaigeuza, akaigonga, na sauti iliyotoka ilikuwa fupi, kama kikohozi. Akagonga tena. Ufa ukatembea kutoka kitakoni hadi ukingoni, mbele ya macho yetu sote. Fundi akachungulia kwenye majivu na mabaki, akakuta skrubu ya karibureta, akaishika juu akamtazama mwanangu. Binti yangu akauliza ni nini. Nikamweleza. Akaziba uso kwa viganja, na nilipodhani analia nikaona mabega yanacheka, kisha kweli akalia. Akasema miaka yote nimekula kwenye kazi hii, na siijui hata kwa kushika.

Sikumfariji sana. Nikamwekea karibureta nyingine kwenye kiganja cha kulia na kipande cha antena cha kushoto, nikamwambia fumba macho. Akasikia uzito. Nikampa vingine. Mchana mzima alikuwa ananiuliza mama hii je, mama na hii, na mwisho alikuwa hanitazami tena kabla ya kutupa. Nilimweleza pia kwamba risasi ya betri haikaribii chombo cha chakula hata kwa bahati mbaya. Nikamwonesha antena zilizobaki, zenye alama ya koleo la baba yake, na nyingine tukaitambua kuwa ni ya kwetu wenyewe, ile iliyokuwa inashikilia kamba ya nguo. Ile iliyopasuka tukamwachia fundi. Mzigo mpya, safi, ukaingia motoni jioni. Sufuria ya pili ilipogongwa, mbwa wa mashine ya jirani aliamka.

Shida ikabaki kwenye mikono yake. Masizi na vumbi la aluminiamu vilikuwa vimeingia kwenye kucha na mistari ya vidole, na harusi, kama ingekuwepo, ilikuwa imeshafika. Wanawake wa hina walimsugua kwa ndimu, kwa sabuni ya mawese, kwa mchanga. Wakaninung'unikia mimi. Hina ikapakwa juu ya vile viganja, maua mazuri, lakini kucha zilibaki na pindo jeusi.

Hakuna aliyekuwa amenipa jibu. Nilikuwa nimetuma neno kupitia kwa kaka yangu kwamba harusi iwe au isiwe, mlango wangu wa mbele utakuwa wazi, na kwamba wali utapikwa kwa vyovyote kwa sababu majirani wana njaa. Siku yenyewe sikuhamisha hata boliti. Lakini sikuyaacha hovyo pia. Mabati niliyapanga kwa urefu, magunia nikayashona midomo, uwanja nikaufagia hadi ukaonesha njia za ufagio, mzani nikaupaka mafuta. Mlango wa mbele nikaupamba kwa majani ya michikichi pande zote mbili, nikavaa kitenge kipya, na sumaku yangu nikaiacha shingoni. Niliogopa, sitadanganya. Niliona sura ya mwanangu akingoja ndani peke yake, pilau inapoa, na mtaa mzima unasema kiburi cha mama kimemla mtoto.

Tukasikia dufu linatoka upande wa soko. Wakaja wote, wageni wa Bujumbura na wa Uvira ndani yao, wakasimama barabarani mbele ya mlango. Msemaji akanyoosha mkono kuelekea kwa jirani. Bwana harusi hakuufuata ule mkono. Aliingia kwa mlango wangu wa mbele, kanzu yake nyeupe ikapita katikati ya mabati na frigo, akaniinamia na kunipa mkono. Dufu likamfuata, na baada ya dufu wakafuata watu, maana nani ataachana na dufu akapite kwa jirani peke yake.

Nikah ilipokwisha, wanawake tukaingia ndani, na sufuria ikaletwa, imeshasafishwa baada ya kupakuliwa. Shangazi mnene akaigeuza, akavuta mkono wa gauni, akaigonga. Ililia ndefu, ikajaa chumba. Vigelegele vikapanda. Akagonga tena kwa utamu tu. Kisha akaipapasa akauliza, kwa wema kabisa, swali ambalo wengine wote walikuwa wanalikwepa, kwa sababu kila mtu alijua kilichoko uani na kila mtu alikuwa anajitahidi kutokijua.

“Hii mumenunua wapi, Kigoma?”

Bibi harusi kwetu hasemi siku hiyo. Anakaa amejifunika, macho chini, na wanaomsemea ni wengine. Nilifungua mdomo nijibu. Nikasikia sauti ya binti yangu kutoka ndani ya shela.

“Haikununuliwa. Ni antena za baba. Mama alizitunza, na mimi nimechambua kwa hii mikono.”

Akaitoa mikono yote miwili, akaiweka juu ya kitako cha sufuria, hina na zile kucha nyeusi, waione wanaotaka kuiona. Hakuirudisha haraka. Shangazi aliitazama, akaishika, akaigeuza viganja juu. Kisha akapiga kigelegele peke yake kabla ya wengine hawajajua kama inafaa. Mama mkwe wa binti yangu alikuwa anatazama sakafu. Mimi nililia mbele ya watu, na sikujifuta.

Feraye sikuiacha. Hakuna aliyeniuliza tena.

Miezi ikapita, mvua zikaisha. Siku moja ya Ijumaa, saa ile ile ya adhuhuri, nilikuwa namenya nyaya kivulini nikasikia hodi. Kwa mazoea nikageukia mlango wa nyuma. Kulikuwa na kuku tu. Hodi ikapigwa tena, kutoka barabarani.

Alikuwa mkwe mwenzangu, mama yake kijana. Amesimama kwenye mlango wa mbele, jua la utosi, jasho linamtiririka, na kichwani amebeba mota ya frigo ndani ya beseni, wazi, haikufungwa kwenye kitenge wala gazeti. Watu waliokuwa wanangojea taksi ng'ambo ya barabara walikuwa wanamtazama. Nikanyanyuka nikampokea mzigo. Nilimsogezea kiti kile kile cha siku ile, nikampa maji ya kunywa. Akanywa yote kwanza.

“Nilikuwa nimeifunga,” akasema. “Nikamuambia mutoto yako ninaenda, nitapitia kwa migomba. Akaifungua. Akaniambia kwa mama yangu watu wanapita mbele.”

Nilibeba ile mota hadi mlangoni, nikaitundika kwenye mzani upande wa barabara, nikangoja mshale utulie.